Dishi la Baba Mdogo Halikuwa Linakinga Mvua

Wacha nianze na kosa langu, ndio mkimaliza kusoma msiseme nilijificha.

Mapema Agosti 2025 niliweka klipu ya sekunde 40. Ndani yake kuna nissan kuukuu ya bluu, zile za abiria 14, imeegeshwa Muhuru Bay, kaunti ya Migori. Juu ya keria kuna dishi la TV limelala karibu chali, linaangalia mbingu kama sufuria iliyosahaulika nje. Kando ya dishi amepiga magoti mzee wa miaka hamsini na kitu, ameshika spana namba 13, anakaza nati polepole. Halafu sauti yangu nyuma ya kamera: "Wasee, baba mdogo wangu amechoka kununua maji. Anakinga mvua."

Watu walicheka. Klipu zangu huwa zinatazamwa na binamu zangu wawili na msee mmoja wa Mombasa ambaye hadi leo simjui, kwa hivyo hiyo siku nilijiona nimefika. Ilisambaa hadi kwa magrupu ya vijiji vya huko ziwani. Mtu aliandika, "Ukikosa bao, angalau utapata chai." Nilicheka hadi nikaweka simu chini.

Shida ni kwamba dishi lilikuwa sawa. Mimi ndiye nilikuwa nimekaa upande.

Kwanza mjue huyu mzee ni nani. Baba mdogo wangu hutengeneza injini za boti. Si duka, si gereji. Yeye ndiye gereji. Anatoka Migori mjini na vifaa vyake ndani ya hiyo nissan, anashuka Muhuru Bay, anapanda Sori, anapitia Nyandiwa na Sindo, anaingia Mbita, anamalizia Homa Bay, halafu anarudi. Kila ufuo anakaa siku tatu, nne, kulingana na injini ngapi zimegoma. Alitoa viti vyote vya nyuma. Upande wa kushoto kuna godoro, upande wa kulia kuna kabati la vyuma, katikati kuna meko ya gesi na harufu ya petroli ambayo haitoki hata ukifungua milango siku nzima.

Huko kwa simu zetu tunaona vijana wa Ulaya wanaishi ndani ya magari, wana mito meupe na mbwa msafi, na tunaita hayo maisha ya ndoto. Baba mdogo amelala ndani ya gari miaka tisa na hakuna mtu amewahi kumwambia anaishi ndoto. Watu wa nyumbani humuuliza tu atajenga lini.

Chuo kilikuwa kimefungwa, na nilimwambia nitamsaidia kushika tochi na kupitisha spana. Ukweli, nilienda kutafuta maudhui. Ilikuwa ni mwezi wa CHAN, mashindano yenyewe yako kwetu, Tanzania na Uganda, na Harambee Stars walikuwa wanacheza Kasarani. Nilijua kila ufuo utakuwa na kelele.

Sasa, mbona dishi ndani ya gari wakati kila mtu ana simu? Nilimuuliza hivo siku ya kwanza, tena kwa ule ujuaji wetu. Akanijibu na swali: "Wewe ukiangalia mechi kwa simu, mimi nitaangalia kwa nini?" Nikakosa jibu. Simu ni ya mtu mmoja. Bando inaisha dakika ya 60. Na kuna sehemu za huo ufuo ukishuka karibu na maji mtandao unakuwa wa kubahatisha, video inazunguka hadi unasahau ulikuwa unangoja nini. Dishi halijui kama mnaangalia wawili ama mia mbili. Picha ni ileile.

Jumapili ya tarehe 10, Kenya dhidi ya Morocco, tulikuwa tumefika Sori, kule Karungu. Baba mdogo alikuwa ameingia ziwani kujaribu injini moja. Mimi nimebaki na gari, rimoti na kiburi. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeangalia video ya mzungu fulani anafundisha jinsi ya kuweka dishi kwa gari la kuishi. Alikuwa amesimama kwa theluji na koti nene, anaongea kwa utulivu wa mwalimu. Akasema hivi: tafuta mahali ambapo anga ya kusini iko wazi, chukua dira, geuza dishi kusini au kusini-mashariki, inua uso wake kidogo tu juu ya upeo wa macho, usiegeshe gari mahali pana miti upande huo. Kila kitu alikieleza vizuri. Ningempa alama zote.

Nikapanda keria. Nikalegeza nati. Nikalisimamisha dishi wima, zuri, kama yale ya kwa picha, nikaligeuza kusini, kwa Watanzania. Nikashuka, nikarudi nyuma hatua tano, nikaona sasa hiyo ndiyo dishi.

Nikawasha TV. E48. Hakuna mawimbi. Nikarudi juu, nikasogeza kushoto. E48. Kulia. E48. Watu wameanza kukusanyika, mama wa samaki ameleta kiti chake, watoto wamekaa kwa mchanga. Mechi imeanza. Mimi niko juu ya gari natoa jasho, najifanya ni kitu kidogo. Halafu karibu na mapumziko nikasikia mlipuko wa kelele kutoka kwa nyumba za juu, na wa pili kutoka kwa hoteli karibu na barabara. Ryan Ogam alikuwa amefunga. Bao la kuipiga Morocco, wakati huo mabingwa mara mbili wa hayo mashindano, na mimi nilikuwa nimeangalia kioo cheusi chenye maandishi.

Mama wa samaki alibeba kiti chake akaenda. Hakusema kitu. Heri angesema.

Baba mdogo alirudi wakati wa mapumziko. Akaangalia dishi. Akaniangalia. Hakuinua sauti.

"Nani amekufundisha hivi?"

"Kuna mtu kwa video, baba."

"Huyo mtu yuko wapi?"

"Uingereza."

Akapanda na ile spana yake, akaanza kulilaza dishi chali tena. Akaniuliza bila kuniangalia, "Na sisi, wuoda, tuko wapi?"

Kipindi cha pili tulikiona chote. Kenya walikuwa wamebaki wachezaji kumi na walishikilia hiyo 1-0 hadi mwisho. Mimi nilikaa nyuma kabisa.

Hilo swali lilinikalia. Usiku, yeye akiwa amelala, nilifungua simu nikaanza kutafuta. Wacha niwaeleze vile nilielewa, juu hii ndiyo sehemu ambayo nilipaswa kuelewa kabla ya kufungua mdomo.

Setilaiti za TV zimepangwa juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Zinaizunguka dunia mara moja kwa siku, mwendo uleule ambao dunia yenyewe inajizungusha, kwa hivyo ukiwa chini ni kama zimesimama mahali pamoja. Ndiyo maana dishi la nyumbani linafungwa mara moja na linaachwa. Sasa, mtu wa London hakai ikweta. Yuko juu kabisa kaskazini, na kuangalia ikweta kwake ni kuangalia chini, upande wa kusini. Setilaiti ya TV ya kwao iko kama digrii 25 tu juu ya upeo wa macho. Lazima dishi lake lisimame wima na liangalie mbali, kama mtu anayengoja basi.

Ile ya DStv inayotuhudumia huku imekaa digrii 36 mashariki. Eutelsat 36B ilirushwa Novemba 2009, na mwenzake 36D alirushwa Machi 2024 kwenda mahali hapohapo. Chukua ramani. Fuata ikweta hadi ikutane na mstari wa digrii 36 mashariki. Unatua wapi? Karibu na Mogotio, Baringo. Ile Mogotio ya barabara ya Nakuru kwenda Marigat, pale watu husimama kupiga picha na alama ya ikweta. Hiyo setilaiti imening'inia juu ya Mogotio!

Na kutoka Homa Bay hadi Mogotio, ukienda kama ndege, ni kama kilomita 180. Ukihesabu na mviringo wa dunia, mtu aliyesimama Homa Bay anaipata setilaiti digrii 2 hivi kutoka utosini mwake. Wa Migori, digrii 2 na kidogo. Yaani iko juu ya kichwa. Dishi litaangalia wapi kama si juu?

Kuna kitu kingine kidogo. Haya madishi yetu ya kawaida, ile LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi, haikai katikati. Inakaa kwa mkono upande wa chini. Kwa sababu ya hiyo, dishi huwa linaona juu zaidi kuliko uso wake unavyoelekea, digrii ishirini na kitu hivi. Ndiyo maana la baba mdogo halikuwa chali kabisa. Lilikuwa limeinuka upande mmoja, kama mtu aliyelala akaweka mkono chini ya kichwa. Hata maji ya mvua huteleza yakatoka. Kumbe halikingi hata mvua.

Na isidhaniwe kila dishi la huku lazima lilale. Ukipita Sori utaona mengine yamesimama kidogo yanaangalia ziwani, upande wa Uganda. Hayo mengi ni ya Azam, ambayo setilaiti yake iko digrii 7 mashariki, mbali huko magharibi mwetu. Kwa hivyo hata kabla hujasema dishi la mtu limekosea, uliza kwanza linamtafuta nani.

Nilifurahia kuelewa kwa siku mbili. Halafu tukafika Nyandiwa.

Tuliposhuka tu, vijana wa boda wakaanza: "Kinga Mvua! Kinga Mvua amefika!" Nikacheka, nikidhani watanijua mimi. Hawakunijua mimi. Walikuwa wanamwita yeye. Watoto wakaishika. Mzee wa ufuo akamsalimia kwa heshima, "Jaduong', karibu," halafu akaangalia juu ya gari na akashindwa kuzuia tabasamu. Baba mdogo alitabasamu pia, ile tabasamu ya mtu ambaye hajui anachekewa nini lakini hataki kuharibu salamu. Hana simu ya kuona klipu. Ana ile ndogo ya vibonyezo.

Jioni kijana mmoja mvuvi ndiye aliniambia kando. Kuna mwenye boti mbili pale, mteja wa baba mdogo wa miaka mingi, alikuwa na injini ya kufunguliwa yote. Kazi ya siku tatu, pesa nzuri. Aliipeleka Homa Bay kwa fundi mwingine. Eti alisema, "Mtu hajui dishi linaangalia wapi, atajua ndani ya injini kuna nini?"

Kijana aliniambia akicheka. Hakujua ni mimi niliyepiga hiyo klipu. Nami sikumwambia.

Hapo ndipo nilianza kumwangalia baba mdogo vizuri, si kupitia kamera. Na nikagundua kila mara anapoegesha gari anafanya mambo manne, bila kukosa, kama mtu anayeomba kabla ya kula. Nilikuwa nimeyapiga picha yote na sikuwa nimeyaona.

La kwanza, anashuka na kuangalia juu. Si mbele, si kusini. Juu. Hataki mwembe, hataki paa la mabati, hataki nguzo ya stima. Na hii ndiyo adhabu ya kuishi chini ya setilaiti yako: saa saba mchana, jua la ziwa linachoma hadi kwa mifupa, kila dereva anakimbilia kivuli, na wewe unaegesha kwa uwanja. Kivuli ama mpira, chagua.

La pili, pua ya gari lazima ielekee mashariki. Nilidhani ni mambo ya imani. Kumbe aliifunga LNB na dishi gari likiwa limeangalia mashariki, na ukigeuza gari, unaizungusha LNB pia. Mawimbi hushuka yakiwa yamepangwa kwa mielekeo miwili, na LNB ikipinda vibaya inaanza kuyachanganya. Kwa mzungu wa video, gari likigeuka analirudisha dishi kusini, basi. Kwetu, dishi linaangalia juu hata ukiligeuza, lakini kile kichwa kimepinda. Kwa hivyo badala ya kupanda kukigeuza kila siku, yeye anageuza gari. Ukifika ufuo wa magharibi kama Sori ama Sindo, pua ikiangalia mashariki, mlango wa nyuma unafunguka kwa ziwa. TV iko hapo mlangoni. Watu wanakaa kwa mchanga wameupa ziwa mgongo. Shida moja: jua la jioni linapiga kioo moja kwa moja, kwa hivyo ametundika shuka zito juu ya mlango kama ukumbi.

La tatu ndilo kubwa. Gari lazima likae sawa. Ana chupa ya soda ya plastiki ameijaza maji akaacha kiputo kimoja, anailaza kwa sakafu ya gari, kwa urefu na kwa upana. Kiputo kikikimbia, anaweka jiwe bapa ama kipande cha ubao, anapanda gurudumu juu yake, anaangalia tena. Nilimwona akirudia mara sita kwa mchanga wa Nyandiwa na nikakasirika ndani yangu. Halafu nikapiga hesabu. Dishi la sentimita 90 linavumilia kama digrii 1 tu ya kukosea kila upande. Kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ya nissan kuna mita 2 na nusu hivi. Ukiinamisha hilo gari digrii 2, hiyo ni kama sentimita 9. Sentimita 9! Jiwe moja. Shimo la mbuzi. Setilaiti ikiwa juu ya kichwa, kitu kinachoua picha si mwelekeo sana, ni mwinamo.

La nne ni betri. TV yake na dikoda zote zinatumia volti 12, hakuna inveta ya kupoteza moto. Kwa pamoja ni kama wati 50, yaani ampea 4 na kitu. Mechi na maneno yake yote ni saa mbili na nusu, kama ampea-saa 10. Hazitoki kwa betri ya gari. Ana betri ya pili chini ya godoro na sola juu ya keria, kando ya dishi. Hilo alijifunza Mbita miaka ya nyuma, asubuhi moja gari lilipokataa kuwaka na wavuvi wanane wakalisukuma hadi barabarani wakimtania njia nzima.

Kitu kingine aliniambia, ambacho nilikuja kukisoma baadaye nikakuta ni kweli. Alisema mwaka una siku chache, mwezi wa tatu na mwezi wa tisa, ambapo mchana saa sita na nusu hivi picha inapotea dakika kadhaa hata kama mbingu ni nyeupe. "Jua linapita nyuma ya mtumishi," alisema. Ni kweli. Siku hizo jua linasimama nyuma kabisa ya setilaiti na kelele yake inameza mawimbi. Huyu mzee aliacha shule darasa la saba. Alijuaje? Aliona mara ya kwanza, akaona mara ya pili, akaweka alama kwa kalenda ya ukutani.

Ijumaa tarehe 22, robo fainali, Kenya na Madagascar. Tulikuwa Sindo. Mwezi ulikuwa umeisha, usiku wa giza totoro, na wavuvi wa omena hupenda giza kama hilo kwa sababu taa zao zinawavuta samaki vizuri. Boti zilikuwa tayari majini, taa zimechajiwa, lakini hakuna aliyeondoka. Nilihesabu watu nikafika mia na kitu nikaacha. Hata wale waliokuwa wanaita "Kinga Mvua" walikuwa wamekaa mbele kabisa.

Alphonce Omija alifunga kwa kichwa mapema kipindi cha pili na mchanga wote ukasimama. Madagascar wakarudisha kwa penalti. Dakika 30 za nyongeza, hakuna. Giza limeshuka, taa za boti zinayumba nyuma yetu, na tunaingia penalti.

Mimi nikaona video. Nikaona zile nyuso mia moja zimewashwa na mwanga wa TV, ziwa nyuma, taa. Niliwaza, hii ni picha ya mwaka. Nikapanda bampa ya nyuma nikashika ngazi ya keria ili nipate kutoka juu. Vijana wanne watano waliokosa nafasi wakaona kumbe inawezekana, wakanifuata. Mwingine akaketi kwa ngazi.

Nadhani mmeshajua.

Springi za nyuma zilishuka. Magurudumu yakazama kwa mchanga. Picha ikavunjika vipande vya rangi, ikaganda mchezaji akiwa ameinua mguu, halafu kioo kikawa cheusi. E48. Watu mia moja walipiga kelele moja.

"Shukeni kwa bampa!" Baba mdogo alikuwa tayari chini ya gari na jeki. Tulishuka, lakini mchanga ulikuwa umekubali, gari halikurudi. Nikalala kando yake kwa tumbo, nikashika tochi na ile chupa ya soda, yeye akipiga jeki, mimi nikimsomea kiputo. "Bado, baba. Bado. Kidogo. Simama." Ni kazi niliyokuwa nimekuja kufanya tangu mwanzo, kushika tochi, na ndiyo mara ya kwanza nilikuwa naifanya kweli.

Mvuvi mmoja alikuwa na redio ndogo sikioni. Redio hufika mbele ya TV, kwa hivyo alijua kabla ya sisi. Nilimwona akiitoa sikioni na kuizima. Hakuna aliyemuuliza. Picha iliporudi, wachezaji wa Madagascar walikuwa wanakimbia uwanjani na wetu wamekaa chini. 4-3.

Nilingoja matusi. Yakaja machache, ya haki. Lakini mzee wa ufuo alisimama akamwambia baba mdogo, kwa sauti ya kusikika, "Jaduong', umetuonyesha mechi nzima. Hiyo kidogo ni ya hawa watoto." Watu wakacheka, wakabeba viti, boti zikaondoka moja moja. Baada ya nusu saa ziwa lilikuwa limejaa taa kama mji.

Usiku huo, kila mtu kwa godoro lake, nilimwambia. Klipu, jina, yule mwenye boti wa Nyandiwa, yote. Nilimwekea simu mbele akaiangalia. Sekunde 40 ni ndefu sana ukiangalia na mtu uliyemcheka. Aliitazama mara mbili. Mara ya pili alinionyesha kwa kidole: "Hapa nati ilikuwa bado. Ungengoja nimalize."

Nikamwambia nitaifuta sasa hivi.

"Ukifuta, wale walioiona wataiona tena wapi ikiwa imerekebishwa?" Akanyamaza. "Andika venye inafanya kazi. Na useme tuko wapi."

Basi ndiyo hii nimeandika. Yule mwenye boti wa Nyandiwa hajapiga simu hadi leo, na sidhani anasoma mambo yangu. Jina la Kinga Mvua limeshika, halitatoka. Baba mdogo anasema amezoea. Mimi sijazoea.

Sijaandika hii kusema msiangalie video za watu wa nje. Yule mzungu hakudanganya; alikuwa anaongea ukweli wa mahali aliposimama. Mimi ndiye nilibeba ukweli wake hadi Sori nikaufunga juu ya gari la mtu. Na tunafanya hivo kila siku. Tunachukua ushauri wa pesa, wa mapenzi, wa kujenga, wa kula, kutoka kwa mtu ambaye jua lake linatoka upande mwingine, halafu tukimwona mzee wa kwetu anafanya tofauti tunatoa simu na kucheka. Hatuulizi kwanza kama yeye ndiye anajua amesimama wapi.

Kwa wale mnaota kuishi ndani ya gari: acha nafasi juu, laza chupa ya maji sakafuni, na weka betri ya pili. Mito meupe itangoja.

Na ukipita ufuo wa Koginga hapa Homa Bay ukaona nissan ya bluu, pua mashariki, dishi chali, njoo uangalie mechi. Ni bure. Usipande bampa tu.